Maboga ya Masomo

— Paukwa!
— Pakawa!
— Sahani!
— Ya wageni!
— Fomu!
— Ya masomo!
— Muhuri!
— Wa mkubwa!
— Na boga?
— La nani?
— Ahaa! Hapo ndipo penye kesi. Sogeeni karibu, na wewe uliyekalia mkeka wa mwenzio, inuka kwanza.

Hapo kale, wanyama wa Bonde la Mlulu walikuwa na desturi moja nzuri. Kila mavuno, kila nyumba ilitoa boga moja, likawekwa ghalani kando ya mto. Yaliitwa maboga ya masomo. Mtoto aliyefaulu vizuri na kwao hawana kitu alipewa maboga kumi kila mwaka, akayapeleka Chuo cha Ng'ambo kuwa ada yake. Desturi nzuri kabisa. Tatizo lilikuwa mwenyekiti wake, Kiboko.

Kwa nini walimchagua Kiboko? Kwa sababu siku ya mkutano alikaa mbele, na waliokuwa nyuma hawakuweza kumwona mgombea mwingine. Ndivyo ilivyokuwa, msinitazame mimi.

Basi mwaka huo Pimbi, binti mdogo wa Mama Pimbi wa kule kwenye mawe, aliongoza darasa zima. Alitaka kusomea utabibu wa meno. Mama yake alikuwa akiumwa jino mwaka wa pili sasa, na bonde zima halikuwa na mtu wa kuling'oa. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu. Asiyelipa ada siku hiyo, nafasi yake anapewa mwingine.

"Mwanangu, sisi tuna mawe tu," alisema Mama Pimbi huku ameshika shavu. "Nenda kwa Kiboko."

Pimbi akaenda, chapu chapu chapu, mpaka mtoni.

"Shikamoo, mzee Mwenyekiti."

Kiboko akatoa pua majini. Bwaa! "Marahaba. Barua ya mzee wa mtaa iko wapi?"

"Sina, mzee."

"Kailete." Chubwi! Akazama.

Siku ya pili Pimbi akaja na barua. Bwaa! "Muhuri uko wapi?"

"Haupo, mzee."

"Kaugonge." Chubwi! Akazama.

Siku ya tatu Pimbi akaja na barua yenye muhuri. Bwaa! "Picha mbili ziko wapi? Na nyuma yake pawe na rangi ya bluu."

"Sina, mzee."

"Kazilete." Chubwi! Akazama.

Sasa bluu utaipata wapi katika bonde la majani matupu? Pimbi akapanda juu ya jiwe refu ili mbingu iwe nyuma yake, akatulia kimya, Ngedere akamchora mara mbili.

Siku ya nne, Ijumaa, Pimbi akaja na fomu yake, na barua, na muhuri, na picha mbili. Kiboko akaishika barua kichwa chini miguu juu, akaikodolea macho.

"Barua hii iliandikwa lini?"

"Juzi, mzee."

"Juzi! Imekwisha muda wake. Kaanze upya. Tena maombi ni mengi. Ukiona kimya, ujue hukuchaguliwa."

Akapiga mwayo, aaah, na ndani ya mwayo ule Pimbi akaona mbegu ya boga imenasa kwenye jino la nyuma. Chubwi! Kiboko akazama.

Pimbi akabaki ukingoni. Boga? Msimu wa maboga ulikwisha zamani. Shambani hakukuwa na boga hata moja, yalikuwa ghalani tu. Akalia kwi, kwi, kwi. Alilia kwa uchungu wa nafasi yake, akalia kwa jino la mama, kisha akalia kwa hasira, na hasira ndiyo iliyomfuta machozi. Akajisemea: "Kumbe mzee hasomi. Anashika barua kichwa chini. Vizuri."

Jumamosi asubuhi Pimbi alikaa palepale ukingoni na jani la mgomba mkononi, anasoma kwa sauti. "Loo! Shamba zima? Lote? Loo!"

Bwaa! "Wewe, unasoma nini?"

Pimbi akalificha jani mgongoni. "Si kitu, mzee. Mambo ya ng'ambo hayo."

"Lete hapa!" Kiboko akalishika jani, akaligeuza, akaligeuza tena. "Ah, miwani yangu imelowa. Nisomee."

Pimbi akasoma, japo jani lilikuwa jani tu: "Tuzo ya Mfadhili Bora. Mshindi atapewa shamba zima la maboga, peke yake. Sharti la kwanza, awe na mwili mkubwa."

"Mimi huyo!"

"La pili, awe na kinywa kikubwa."

"Mimi tena huyo!"

"La tatu, awe amemlipia mtoto mmoja ada yote mpaka amalize chuo. Alete stakabadhi ya Msajili Korongo wa Chuo cha Ng'ambo. Mwisho wa kupokea maombi ni leo, jua likiwa kichwani."

Kiboko akatazama juu. Jua lilikuwa limeanza kupanda.

"Na Kifaru je, amesikia habari hii?"

"Nilipita kwake, mzee. Nilimwona anahema."

Hilo lilikuwa kweli. Kifaru huhema kila siku.

"Mtoto wa kumsomesha nitampata wapi sasa hivi?" Kiboko akapiga kelele.

Pimbi akatazama mawinguni. "Wote uliwakataa, mzee."

"Wewe je?"

"Mimi? Barua yangu imekwisha muda."

"Barua ya nini bwana! Mzee wa mtaa namjua, na wewe nakujua."

"Na muhuri..."

"Muhuri huu hapa!" Kiboko akainua mguu wenye tope. Ndu! Fomu nzima ikawa muhuri.

"Na picha, mzee, bluu yake imefifia kidogo..."

"Picha ya nini na wewe mwenyewe umesimama mbele yangu? Twende!"

Ghala likafunguliwa. Maboga yakatoka, biringi, biringi, biringi, kumi ya mwaka wa kwanza, kumi ya mwaka wa pili, kumi ya mwaka wa tatu. Kiboko akayabeba mgongoni na kuyavusha mwenyewe, safari baada ya safari, jasho na maji vikichanganyika. Safari ya mwisho Pimbi alikaa juu kabisa, akishikilia fomu isilowe. Msajili Korongo akayagonga maboga kwa mdomo, ko, ko, ko, mpaka thelathini, akaandika stakabadhi mbili.

"Stakabadhi yako mzee uiweke pakavu," alisema Pimbi. Moyo wake ulikuwa unaruka kwa furaha, lakini uso aliukaza. "Jina lako nitalipeleka kwenye kamati ya tuzo."

Mwaka wa kwanza ukapita. Kiboko akavuka kuuliza: "Tuzo yangu?"

"Kamati bado inakaa, mzee. Lakini nasikia Kifaru yuko karibu. Ukiongeza mwanafunzi mmoja, jina lako litapanda."

Biringi, biringi. Swala akaanza chuo. Mwaka wa pili akauliza tena. Kamati bado inakaa. Biringi, biringi. Nungunungu akaanza chuo. Na bonde zima likamsifu Kiboko kwa moyo wake wa kusaidia watoto, naye akaipokea sifa kama yake.

Pimbi akahitimu, akarudi nyumbani na koleo lake. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama yake. Ng'oo! Jino likatoka, na Mama Pimbi akacheka kwa mdomo wote, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano.

Mgonjwa wa pili alikuja shavu limevimba. Ni lile jino la nyuma, lile la mbegu.

"Daktari," alisema Kiboko, "kabla hujaanza, lile shamba langu la maboga..."

"Fungua kinywa, mzee. Zaidi. Zaidi kidogo."

Kiboko akafungua, na mwenye kinywa wazi hawezi kuuliza swali.

"Kuhusu tuzo," alisema Pimbi taratibu, huku akilibana jino kwa koleo, "tumepokea maombi yako. Maombi ni mengi. Ukiona kimya, ujue hukuchaguliwa."

Ng'oo!

Basi wanangu, mmejifunza nini? Mmejifunza kwamba ukitaka kusomeshwa, jaza fomu kwa herufi kubwa, bandika picha zako mbili, rudi nyumbani ukasubiri kwa adabu, wala usiwasumbue wakubwa, maana wanajua kazi yao. Nani anacheka huko nyuma?

— Mimi!
— Lete barua ya mzee wa mtaa.

Hadithi imevuka mto, mimi nimebaki na ganda la boga. Ikiwa tamu, kaleni na wenzenu. Ikiwa chachu, nirudishieni niongeze sukari.