Kutu Haibishi Hodi

Kutu haibishi hodi. Mmeyasikia leo maneno hayo mkacheka, mkadhani ni habari za jembe lililosahauliwa nje. Si jembe. Kaeni niwaeleze yalikotoka, na anayetaka kucheka amalize sasa, maana mbele hakuna nafasi.

Upande wa Ukonongo, kando ya miyombo, alikuwapo mwindaji aitwaye Misigalo. Alikuwa na gobore alilorithi kwa baba yake, na heshima yake yote ilikaa katika gobore hilo, kwani nguruwe pori wakiingia mashambani aliitwa yeye. Wawindaji wa kule walikuwa na desturi yao: bunduki huoga kwanza, mwindaji baadaye. Baruti ikishalia huacha masizi ndani ya mtutu, na masizi hayo huvuta unyevu. Kwa hiyo Misigalo akionekana tu njiani, mkewe Kalunde hubandika maji. Mume huyamimina mtutuni yakiwa ya moto, husugua kwa kitambaa alichokifunga kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, kisha hukausha na kupaka mafuta ya nyonyo.

"Mke mwenzangu ameshaoga," Kalunde humtania. "Sasa nenda nawe, unanuka pori."

Kalunde akaugua. Siku moja Misigalo aliingia msituni kumtafutia kitoweo, akapiga pongo. Aliporudi alikuta uwanja umejaa watu, wanawake wamekaa chini. Akajua Kalunde amefariki. Gobore likaegemezwa pembeni na masizi yake tumboni, na nani angebandika maji siku hiyo?

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika. Misigalo akachukua kanga ya marehemu, akalizungushia gobore kutoka kitakoni hadi mdomoni, akalitundika juu ya kitanda. Alidhani analitunza. Kila alipolala alipeleka mkono akaigusa ile kanga. Masika yakaja, nguo ikanywa unyevu, naye hakuifungua, kwa kuogopa harufu ya mkewe isije ikapotea.

Majirani walimhurumia sana, lakini huruma yao ilikuwa ya kupita mbali. "Tumwache apoe," walisema. "Akituhitaji atatuita." Misigalo naye alikuwa akiwangoja waje. Alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, akala peke yake, kiporo akawamwagia kuku. Mara moja mbuzi alijikuna mlangoni, naye akaruka kitini akiitika, "Karibu! Karibu ndani!" Alipofungua akamwona ni mbuzi, alirudi akakaa, akalia. Upweke ni kitu kibaya, wajukuu zangu, humfanya mtu mzima amkaribishe mbuzi.

Mahindi yalipokomaa, nguruwe waliingia shamba la Nyamizi, mjane aliyekuwa shoga wa Kalunde. Hakuwa na shamba jingine. Asubuhi akaenda kwa Misigalo.

"Hodi, shemeji! Hodi hapa!"

Aliita sana ndipo akajibiwa. "Nani?"

"Mimi Nyamizi. Nguruwe wananimaliza, shemeji. Wakirudi leo sitavuna kitu."

Uso wa Misigalo ukafunguka. Kumbe bado anahitajika! Akalishusha gobore upesi, akaifungua kanga, akatia mdeki mtutuni. Ukagota katikati. Akausukuma kwa nguvu, ukakwaruza na kunasa. Alipouchomoa na kuuinamisha mtutu, unga mwekundu ulimwagika kiganjani.

"Litalia?" Nyamizi aliuliza.

"Likilia litanipasukia usoni." "Nililifunika vizuri, shemeji. Nililala nalo hapa kichwani, wala sikusikia kitu. Kutu haibishi hodi."

Nyamizi alimtazama yeye sasa, si gobore. Aliyaona mashavu yaliyobonyea, na shati lililokuwa likimbana zamani sasa limemning'inia. Akajikalisha kizingitini.

"Hata mimi sikubisha," alisema. "Nyumba yangu ile pale, moshi wako nauona kila siku. Nikasema, akinihitaji ataniita. Shemeji, umeliwa hivi na mimi nipo?"

Misigalo alifuta unga ule kwenye suruali yake, lakini wekundu ulibaki mkononi.

Nyamizi alikwenda mlango kwa mlango akiwakemea watu, wala hakujisamehe yeye mwenyewe. Jioni walikwenda shambani wote, wakapiga madebe na kupiga kelele, Misigalo akiwa katikati yao, na mahindi yaliyosalia yakapona. Gobore halikupona. Liliharibika ndani kwa ndani huku kila mtu akidhani limetunzwa.

Tangu hapo, kule Ukonongo nyumba iliyofiwa haiachwi ipoe. Mtu atabisha hodi, hata kama hana la kusema, atakaa kidogo na kuondoka. Basi mkimsikia mtu anasema juu ya mwenziwe aliyenyamaza, "Akinihitaji ataniita," msimcheke, wala msimnyamazie. Mwambieni: kutu haibishi hodi.