Pete ya Abeer

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Maana yake ni kwamba kitu cha mwenzio, hata kikikukaa vizuri namna gani, kina mwenyewe. Na siku mwenyewe akikitaka, wewe hubaki wazi mbele za watu. Nguo imetajwa kwa mfano tu. Hamed wa mtaa wa Malindi yalimfika kwa pete.

Hamed alikuwa karani katika ofisi ya kupokea mizigo karibu na bandari. Babu zake walikuwa na mashamba upande wa Mtoni, lakini yeye alirithi jina la ukoo na picha mbili za ukutani. Mshahara wake ulimtosha kula na kuvaa, na kilichobaki alikiweka akiba kidogo kidogo kama mdudu chungu. Kwa akiba hiyo alimposa Mize, mshonaji wa kanzu na kofia kutoka Amani, msichana wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mahari yalilipwa, siku ya ndoa ikapangwa, ikabaki pete.

"Twende pamoja kwa sonara," Mize alimwambia kwa simu. "Mimi nnashika sindano kutwa. Naijua pete itakayonifaa."

"Inshallah," alijibu Hamed, kisha akaenda peke yake.

Sonara mwenyewe, Haroub wa Mkunazini, alikuwa mwepesi wa kupima na mzito wa kusifu. Alitandaza kitambaa cheusi, akapanga pete juu yake. Macho ya Hamed yalikwenda moja kwa moja kwenye pete nene ya dhahabu yenye jiwe. Alipotajiwa bei, alitaja akiba yake kwa sauti ya chini.

"Mfuko wako unafika hapa," alisema Haroub, akamsogezea pete nyembamba. "Hizi si mbaya. Lakini mlete mwenyewe ajaribu. Kidole cha mtu hakipimwi kwa maneno."

Jioni ile Hamed alimweleza shangazi yake, Bi Nunu, aliyemlea tangu utotoni. Bi Nunu aliguna.

"Pete nyembamba kama uzi! Wataka tuchekwe, mwanangu? Siku ile watu hawatazami uso wa bibi harusi, wanatazama mkono. Watasema ukoo wetu umekauka."

"Basi nifanye nini, Shangazi? Sina."

"Uazime. Abeer anayo. Siku moja tu. Kesho yake tutamwambia mkeo inapelekwa kuwekwa mahali pa salama, na mambo yatapita."

Hamed alijua kwamba huo ni uongo. Ila aibu ya pete nyembamba ilikuwa mlangoni, na aibu ya uongo aliiona iko mbali. Akakubali.

Abeer, binti wa ami yake, alikuwa na pete nzito ya dhahabu yenye jiwe jekundu, aliyopewa na mumewe anayefanya kazi Maskati. Aliitoa kwa sharti moja: arudishiwe kesho ya harusi asubuhi, kwa kuwa siku hiyo hiyo alikuwa anasafiri kumfuata mumewe, na mumewe jicho lake la kwanza lingekuwa kidoleni.

Ndoa ilifungwa. Hamed akaingizwa chumbani kwa bibi harusi, akaitoa pete, akaanza kumvisha. Pete iligoma kwenye kifundo, maana vidole vya Abeer vilikuwa vyembamba. Bi Nunu akapaka mafuta, akasukuma kwa nguvu mpaka ikaingia. Vigelegele vikarindima. Mize alikunja uso kidogo, kisha akalitazama lile jiwe na kumnong'oneza mumewe, "Umepata wapi uwezo huu?"

"Mungu karuzuku," alisema Hamed.

Mize akamwamini. Siku nzima alipeana mikono na wageni, na kila jicho lililomjia lilipitia kwanza kidoleni. Mama yake, aliyekuwa ameketi pembeni, alikuwa akitabasamu kama mtu aliyelipwa deni la miaka.

Asubuhi yake kidole kilikuwa kimevimba kama andazi. Mama yake Mize na jamaa zake walikuwa wameleta chai na vitafunio kwa maharusi pale Bi Nunu alipoingia, Abeer nyuma yake na pochi ya safari mkononi.

"Mwanangu, hebu tupe pete tukuwekee," alisema Bi Nunu kwa sauti ya asali.

Mize hakuwa na hamu ya kuitoa, lakini aliona si adabu kubishana na mkwe siku ya kwanza. Alivuta. Haikutoka. Wakaleta sabuni, wakaleta mafuta ya nazi, wakazungusha uzi. Pete haikusogea hata unywele, na kidole kikaanza kupiga weusi.

"Ivute bwana!" Abeer alishindwa kujizuia. "Saa zinakwenda! Mume wangu ataniuliza nini?"

Mize aliinua kichwa. "Mumeo na pete yangu wapi na wapi?"

Mize akageuka kumtazama Hamed, aliyesimama mlangoni.

"Hamed, pete hii ya nani?"

Hamed alijibu, "Ya Abeer."

Mama yake Mize alikiweka kikombe chini taratibu, akaanza kufungasha vyombo.

Walikwenda kwa Haroub wote. Haroub alikitazama kidole, akasema hakuna njia ila kukata. Hamed alimshika mkewe kifundo cha mkono, msumeno mdogo ukapita, na Abeer akalia kama aliyefiwa. Pete ikafunguka. Haroub alisema ataiunga, lakini alama itabaki kwa mwenye jicho la kuijua. Gharama ya kuiunga ilikuwa juu ya Hamed. Abeer aliahirisha safari, akampigia simu mumewe, na mumewe akanuna wiki nzima.

Nje ya duka Mize alimwambia Hamed, "Ungenivisha ya shaba nami nikajua ni ya shaba, ningeivaa. Umeniacha nikajivuna mbele ya mama yangu kwa kitu cha watu." Akashika njia ya Amani, kwao.

Alikaa huko siku tisa. Kila siku baada ya kazi Hamed alikwenda, akaketi barazani. Mkwewe alimpa chai, akarudi ndani. Hamed hakumtuma mtu kumwombea, wala hakumtaja shangazi yake kama kisingizio. Siku ya kumi Mize alitoka amevaa buibui.

"Umebakiwa na kiasi gani?" aliuliza.

Hamed alimtajia, bila kuongeza hata shilingi.

"Haya, twende."

Haroub alitandaza kitambaa chake. Safari hii Mize ndiye aliyechagua. Alitoa uzi wa kushonea mkobani, akaupitisha juu ya kila pete. Zenye mawe ziliukwamisha, akazirudisha. Ile nyembamba ya dhahabu aliivaa, akakunja ngumi, akaona inampa wasiwasi wa kupinda. Mwisho akachukua ya fedha, pana kiasi, isiyo na nakshi. Uzi uliteleza juu yake kama maji. Hamed naye akachukua ya fedha, kwani dhahabu si halali kwa mwanamume.

"Niandike majina kwa ndani?" aliuliza Haroub.

"Usiandike. Lainisha ukingo tu," alisema Mize. Ilipolainishwa aliivaa, akaivua, akaivaa tena. Kisha wakaondoka wakielekea nyumbani kwao Malindi.

Miezi miwili baadaye palikuwa na harusi ya jirani. Wanawake walikuwa wameketi mkekani wakila pilau, Mize na Bi Nunu bega kwa bega. Mwanamke mmoja aliyekuwepo siku ya harusi yao akamtazama Mize mkono, akauliza kwa sauti ya kutosha kusikiwa, "We Mize, ile yenye jiwe jekundu mbona huivai?"

Bi Nunu aliinamia sahani yake.

"Ile ya Abeer," alisema Mize. "Yangu hii."

Akaendelea kula. Yule mwanamke alingoja maneno mengine, hayakuja. Akaomba asogezewe kachumbari. Bi Nunu, uso ukiwa umemwiva kwa haya, ndiye aliyeisogeza. Ama kweli, nguo ya kuazima haisitiri maungo.