Kikapu cha Mishikio Miwili

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge, nyie mmegombana? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Miaka hiyo ya nyuma sana, kijiji kimoja huko Uchina, watu walifuga viwavi wa hariri ndani ya nyumba. Bibi Gu, mkubwa wa wafugaji, aliweka mwiko: viwavi wakiwamo ndani, kelele marufuku. Walisema kelele huwaua.

Dashun na Lanfen walikuwa na mwezi mmoja wa ndoa. Walipendana, jamani! Akicheka huyu, anacheka yule. Msimu ukafika, viwavi wakaingizwa ndani.

Siku moja Dashun akala wali wote, asimwachie mkewe hata ukoko. Lanfen, kimya. Kesho yake Lanfen akamcheka mumewe mbele ya majirani, eti hajui hata kufunga mzigo. Dashun, kimya. Kimya jikoni, kimya kisimani, kimya kitandani.

"Nyumba ile ina heshima!" majirani wakasifu. Heshima gani? Ilipoa kama majivu ya juzi.

Ikanyesha mvua. Dashun akaleta majani ya mforosadi yamelowa chepechepe. Kiwavi akila jani lenye maji, anakufa. Lanfen aliona. Maneno yakamfika kooni. "Ah, na ajionee mwenyewe," akasema moyoni. Viwavi wakala: nyakunyaku, nyakunyaku. Asubuhi, nusu yao wamekufa.

Lanfen akafunga nguo zake arudi kwao. Bibi Gu akamkuta mlangoni.

"Uliyaona yale majani?"

"Niliyaona, bibi."

"Mbona hukumwambia mumeo?"

"Si mwiko wako, bibi?"

Bibi Gu akaketi chini, pu! "Basi kosa ni langu. Niliwakataza kelele, sikuwaambia mkaseme wapi."

Akamwita Dashun, akawapa kikapu kimoja, huyu mshikio huu, yule mshikio ule. "Nendeni shambani mkachume majani. Semeni yote huko. Kikijaa, mrudi."

"Ulinimalizia wali!" Chum!

"Ulinicheka mbele za watu!" Chum!

Walifokeana mpaka ndege wakahama. Kisha Lanfen akasema polepole, "Niliumia. Nilidhani hunitaki tena."

"Mimi? Mimi nilidhani wewe ndiye hunitaki!"

Wakalia wote wawili. Kikapu kikajaa. Wakayafuta majani, jani moja moja, wakarudi. Lanfen akafungua furushi lake la nguo.

Tangu hapo, kila maharusi pale kijijini hupewa kikapu cha mishikio miwili. Bibi Gu hayupo, kikapu kipo.

Basi nyie mnaooana, ugomvi msiumeze. Utoeni nje, usemeni, umalizeni, mrudi ndani. Hadithi yangu imekoma mlangoni. Na aliyemnunia mwenzie hapa, kikapu kile pale.