Koti la Mume, Kitenge cha Mke

Kaeni, wapendwa. Na simu zizimeni kabisa, si kuziweka mtetemo tu, maana leo nitazisema hizo simu na sitaki zinijibu.

Palikuwa na mama mmoja katika mji kama huu wetu. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti, mahema na masufuria ya shughuli. Ukioa, unamwita yeye. Ukifiwa, unamwita yeye. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa kazi, mtu wa ibada, naye alikuwa na msemo wake ambao alipenda kuutoa wageni wakiwa mezani. Anafuta mikono, anajiegemeza kitini, anasema: "Nyumba hii haidaiwi hata chumvi."

Wageni wanaitikia, "Hongera, baba." Na mkewe anakusanya sahani huku akitabasamu kwa midomo tu.

Kwa sababu alikuwa anadaiwa, tena si chumvi. Alinunua mahema mapya kwa mkopo, msimu wa harusi ukawa mbovu, na waliokodi wakasema "tutalipa." Mnawajua watu wa tutalipa, wengine mko humu humu. Akakopa kwingine ili afanye rejesho. Akakopa kwingine tena ili alipe kule alikokopa ili afanye rejesho. Mikopo ile ya kausha damu, wapendwa, haikupewa jina hilo kwa utani. Ikafika mahali mama anapika pilau ya watu, yeye mwenyewe tonge halipiti.

Mbona asimwambie mumewe? Swali zuri. Siku moja kinamama wa kikundi cha mikopo walikwenda kwa jirani, ambaye mkewe alikopa akashindwa kulipa, wakabeba makochi, kabati, hadi godoro, mchana kweupe, watoto wa mtaa wakishangilia. Yule mume akatazama dirishani, akasema, "Mke wa namna hiyo mimi namrudisha kwao siku hiyohiyo." Alisema tu, kama sisi wanaume tunavyosema. Lakini neno likishatoka halirudi. Mke alilisikia akiwa jikoni, akaliweka moyoni.

Basi akajifunza ujanja. Namba ya mdai wake aliiandika kwenye simu "Mwalimu wa Kwaya." Ikiita, anatoka nje.

"Huyu mwalimu wa kwaya ana bidii," mume anasema. "Kwani mnajiandaa kumwimbia nani?"

"Pasaka, Baba Tegemea. Sauti ya tatu haijakaa vizuri."

Mnacheka. Mwalimu wetu wa kwaya, nisamehe baba. Jina lako limetumika vibaya katika miji mingi.

Sasa, mama huyu hakuwa mtu wa kukaa chini akalia mpaka mwisho. Alisikia kwamba chama cha akiba na mikopo cha wilaya kimefungua dawati la kuwasaidia waliozama. Wanayakusanya madeni yako yote yawe moja, wanazungumza na wadai, riba inapunguzwa au inasamehewa, nawe unalipa kidogo kidogo kwa mkataba ambao kila mtu anauheshimu. Akajifunga kitambaa akaenda mwenyewe, akauliza mwenyewe. Alikuwa ameshaamua: deni litakwisha, ndoa itabaki, na Baba Tegemea hatajua kamwe.

Afisa wa dawati lile, dada mmoja mpole, akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Inawezekana, mama. Ila aliye kwenye ndoa anakuja na mwenzi wake. Mnaketi hapa, mnaambiwa pamoja, mnakubali pamoja. Tumewasaidia wengi wakiwa peke yao, na kabla hatujamaliza wamekwisha kukopa tena."

"Na kama mume wangu amesafiri?"

"Tutamsubiri arudi."

Mnadhani alikata tamaa? Hakukata. Ameambiwa alete mume; akaenda kutafuta mume.

Sokoni palikuwa na mnoa visu, mtu aliyefiwa na mke miaka mingi, ambaye ndiye aliyemnolea visu vyake vya shughuli. Mama akamwendea.

"Fundi, nataka uwe mume wangu Alhamisi asubuhi."

Yule bwana akalisimamisha gurudumu lake. "Asubuhi tu?"

"Asubuhi tu. Utakaa, utaitikia, utaondoka. Nitakupa pilau."

"Ya nyama?"

"Ya nyama."

Akafikiri kidogo. "Tuna watoto wangapi?"

"Watatu. Mkubwa ni Tegemea."

"Ni mtoto mzuri?"

"Mzuri. Hesabu tu ndiyo inamsumbua," akasema mama, akajikuta anacheka, na alikuwa hajacheka tangu masika yaishe.

Alhamisi ikafika. Mume alitoka mapema, akasema anafuata vyuma. Mama akafungua kabati, akatoa koti la kijivu la mumewe, lile la harusi, akalitia kikapuni ampelekee mnoa visu; mume gani anakwenda ofisini na shati lililotobolewa na cheche? Kisha akatafuta kitenge chake cha heshima, cha bluu chenye ndege. Hakukiona. Akatafuta hadi chini ya kitanda. Akasema, Tegemea atakuwa amekichukua, mtoto huyu atanitambua leo, akavaa kingine akaondoka.

Wakafika, wakaketi kwenye benchi kusubiri zamu. Mnoa visu amependeza, koti limemkaa kana kwamba alipimiwa, naye ananong'ona peke yake, "Tegemea, watatu, hesabu. Tegemea, watatu, hesabu."

Ndipo akaingia mwanamke. Mama hakumtazama usoni, alitazama kitenge. Cha bluu, chenye ndege. Akawaza, kumbe vipo vingi. Halafu akaona, karibu na pindo, alama ya pasi ya mkaa, ile aliyoiunguza mwenyewe asubuhi ya ubatizo wa kitindamimba wake, akalia siku ile kwa uchungu. Alama ile haiuzwi dukani.

Nyuma ya kitenge kile akaingia mwanamume, anasema kwa sauti ya chini, "Tukae hapa, mke wangu."

Ni nani? Mmeshamjua. Ni yule ambaye nyumba yake haidaiwi hata chumvi. Na yule mwanamke alikuwa muuza mihogo wa jirani na karakana yake.

Mume akainua macho. Kwanza hakumwona mkewe. Aliliona koti lake la harusi limeketi kwenye benchi, na mtu yumo ndani yake.

Mnoa visu akainama sikioni mwa mama: "Mlango uko wazi. Twende zetu." Na kweli wangeweza kwenda. Hakuna mtu mle ndani aliyewajua. Wangerudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake, jioni wakala ugali, mke akasema mazoezi yalikuwa mazuri, mume akasema vyuma vimepanda bei, wasiulizane mpaka mmoja amzike mwenzake. Ndoa ngapi zinaishi hivyo? Usimtazame jirani yako. Jitazame.

Mama alishikwa na hasira kwanza, hasira ya kitenge. Ikafuata aibu. Na aibu ilipotulia, akagundua kwamba amechoka, amechoka kabisa kutoka nje simu ikiita. Alikuja pale kulimaliza deni, na hakuwa tayari kurudi nalo nyumbani. Akasimama, akavuka chumba, akamwambia muuza mihogo, "Dada, nisogezee kidogo," akaketi ubavuni mwa mumewe.

"Baba Tegemea. Nani anakudai?"

Mume akafungua mdomo. Mazoea yakamsukuma: "Nyumba hii..." Hakumaliza. Akatoa simu mfukoni, akamwonyesha. Mdai wake alikuwa amemwandika "Vyuma Jumla."

"Wangu ni Mwalimu wa Kwaya," akasema mke.

Kisha mume akasema, "Ningekwambia, ungeniona si mwanamume."

"Na mimi ungenirudisha kwetu."

"Nani alisema hivyo?"

"Wewe. Dirishani, siku walipobeba makochi ya jirani."

Macho yakamjaa machozi, mbele za watu, na hakuyafuta. Akasema, "Nikurudishe kwenu, Mama Tegemea, mimi nirudi kwa nani?"

Afisa akatokea mlangoni. "Mke na mume wanaofuata!"

Wakasimama wote wanne.

"Haya," akasema dada yule, akiwatazama mmoja mmoja, "nani ni wa nani hapa?"

Mama akamshika mumewe mkono. "Huyu ndiye wangu. Wale wametusindikiza."

Wakaingia. Na huko ndani, walipoulizwa kila mkopo ulikwenda wapi, yakafumuka mengine. Zile fedha ambazo mume alimpa mkewe kifua mbele, "Ongeza mtaji, mama," zilitoka kwa Vyuma Jumla. Na zile ambazo mke alimkabidhi mumewe, "Faida ya harusi hiyo, kanunue vyuma," zilitoka kwa Mwalimu wa Kwaya. Kila mmoja alikopa ili mwenzake aamini kwamba hadaiwi!

Dada afisa akaweka kalamu chini. "Tutawasaidia," akasema. "Riba tutaipigania. Ila mjue kwamba nusu ya deni hili mlilikopa ili kuificha ile nusu nyingine."

Sasa nije kwetu sisi. Sijasema kutafuta msaada ni vibaya. Aliyezama aende dawatini, aende mchana, kichwa juu. Mama yule alifanya vyema kwenda, na laiti wote tungekuwa na miguu kama yake. Kosa lake lilikuwa mume wa kuazima. Na sisi je? Kila Jumapili tunasimama hapa, tunaomba kwa sauti moja tusamehewe deni zetu, na tukifika nyumbani kila mtu analo lake, amelibandika jina la uongo. Tunamleta ibadani mume wa kuazima, mcheshi, mtulivu, asiyedaiwa na mtu. Yule wa kweli, anayeamka na hofu, tumemfungia nyumbani asionekane. Tunadhani Mungu hamjui? Yeye anaijua alama ya pasi kwenye kitenge chako. Anayengoja kuambiwa ni yule unayekula naye sahani moja.

Kwa hiyo leo mkitoka, sitaki mnishike mkono mlangoni mniambie mahubiri yalikuwa mazuri. Pita moja kwa moja nyumbani. Mkalishe mwenzako kabla chakula hakijapakuliwa, mpe simu yako mkononi, umwambie Mwalimu wa Kwaya ni nani. Atakasirika? Huenda. Mwache akasirike, naye akwambie ya kwake. Halafu kesho asubuhi mwende dawatini wawili. Na lile koti usimpe mtu mwingine. Mpe mwenyewe alivae.