Shamte na Kisogo Chake

Kinyozi hajinyoi. Mmeisikia leo sokoni, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji mmoja wa zamani alikuwako kinyozi aliyeitwa Shamte. Alizaliwa na mguu mmoja uliopooza, akatembea kwa gongo maisha yake yote. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini wakubwa wa mji hawakumwita majumbani mwao. Walisema kiwete akikugusa kichwa anakuachia mkosi. Akawanyoa wachukuzi na wapita njia, pembeni mwa soko.

Jirani yake sokoni alikuwa Bi Mize, msusi wa mikeka, ambaye haoni. Bi Mize alishirikiana na Ngwali, fundi wa makubadhi, ambaye hasikii. Ngwali alimchagulia Bi Mize rangi za ukindu. Bi Mize alisikiliza wateja wa Ngwali na kuwajibu. Chakula walikula kikoa, leo huyu anapika, kesho yule.

"Njoo tule kikoa, Shamte," Bi Mize alimwambia mara nyingi.

"Ahsante, dada. Mimi sikuja sokoni kula vya watu."

Toka utotoni watu walikuwa wakimtupia sadaka bila yeye kuomba, na jambo hilo lilimuuma. Kwake yeye, mkono wowote ulionyooshwa kumsaidia ulikuwa mkono wa sadaka.

Siku moja Mzee Kombo, tajiri wa mji, alipita mwenyewe sokoni. Mwanawe alikuwa anaoa, na kinyozi wao wa siku zote alikuwa mgonjwa.

"Kinachonyoa ni mkono, si mguu," alisema. "Uje Ijumaa asubuhi. Ila watu wangu wana maneno, mwanangu. Njoo nadhifu, wasipate pa kukushika."

Shamte hakuweza kuficha furaha yake. Akinyoa bwana harusi wa nyumba ile, ni nani tena mjini angemkataa?

Ijumaa kulipopambazuka alikaa kibandani mwake, akapaka kichwa maji, akaanza kujinyoa. Mbele palikwenda vizuri. Alipofika kisogoni, pasipoonekana hata kwa kioo, mahali alipozoea kupaficha kwa kofia, wembe uliteleza. Damu ikamshuka shingoni, ikalowesha kanzu yake ya pekee.

Bi Mize alimsikia akiguna. Akamshika Ngwali mkono, wakaingia.

"Niacheni," Shamte alisema. "Nitamaliza mwenyewe."

"Utajimaliza wewe," Bi Mize akajibu. "Mpe Ngwali huo wembe."

"Sijapata kuomba mtu kitu, dada. Sitaanza leo."

Bi Mize alikaa chini kando yake. "Shamte, hao wanaokuja kila siku kukuinamia, nao ni ombaomba?"

Shamte aliwakumbuka wachukuzi wenye mabega mapana wakifumba macho chini ya wembe wake, na hata siku moja hakuwadharau. Mwishowe alimnyooshea Ngwali wembe, akainamisha kichwa.

Ngwali alimbandika kipande cha shabu kwenye jeraha, damu ikakatika. Kisha akamnyoa taratibu, kwa mkono uliozoea kukata ngozi. Tangu mama yake afariki, hakuna mtu aliyekuwa amemgusa Shamte kichwa. Machozi yalimtoka, akaona heri Bi Mize haoni; lakini Bi Mize alikuwa amekwisha kumwekea mkono mgongoni. Ngwali akavua kanzu yake mwenyewe akamvika. Ilikuwa ndefu, ikafagia njia nzima mpaka kwa Mzee Kombo.

Huko, shangazi wa bwana harusi aliliona jeraha.

"Huyu kajikata kichwa chake. Cha mwanetu atakisalimishaje?"

"Cha mwanenu nitakiona chote, mama," Shamte akasema. "Changu sikioni kisogo. Nilijaribu peke yangu nikajikata, wenzangu wakanimalizia."

Bwana harusi akacheka, akaketi mbele yake na kuinama. Alipoinuka hakuwa na hata mkwaruzo. Shangazi akampitisha kiganja kichwani, kisha akaenda mwenyewe kumletea Shamte chakula.

Kesho yake Shamte alipika kikoa kwa mara ya kwanza. Wali ulizidi chumvi, wakaula wote.

Kikoa kile kikakua. Akaja mfinyanzi mwenye kibyongo, akaja pia mjane wa kigeni aliyeuza uji lakini hakuna aliyeununua. Kila mmoja alianza kwa kusimama mbali, akisema anajitosha. Shamte alikuwa akimsogezea kigoda na kumwambia, "Karibu, ndugu yangu. Kinyozi hajinyoi."

Naye Bi Mize, bila kuacha kusuka, alimalizia: "Na akijinyoa, hujikata."