Bakuli la Sultani na Fahali wa Mwaka

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, palikuwa na sultani jina lake Mwinyi Fumo, mtu mwema, ila akipenda sifa kama mtoto apendavyo halua. Desturi ya mji ilikuwa kila mwaka kuzungusha fahali mitaani kwa dua na zumari, kisha achinjwe, ili balaa zisiingie. Basi mwaka mmoja Sultani akaamuru mwanawe Athmani, wa miaka minne, apandishwe juu ya fahali huyo, watu waone ushujaa wa ukoo wake. Na fahali mwenyewe jana yake alikuwa amemrusha mchungaji juu ya ua.

Mama yake mtoto, Mwana Esha, akalia hata sauti ikamkauka, asisikizwe. Mawaziri wakasema, "Rai njema, bwana wetu," huku wakisogea mbali na pembe.

Ikawa hapo yupo Vuai Kanzu-Moja, maskini ambaye akiifua kanzu yake hukaa ndani mpaka ikauke. Akakohoa.

Sultani akasema, "Vuai, nawe wapinga? Haya, nionyeshe kosa langu. Lakini ukimtaja mwanangu, au ukimgusa, utakula viboko ishirini."

"Nimesikia, bwana wangu."

Akaingia ndani ya jumba la Sultani, akatoka na bakuli la kaure alilorithi Sultani kwa babu yake, akamwendea fahali taratibu, akainua mikono alitue mgongoni.

Sultani akaruka kitini, kilemba kikamwanguka. "Wafanya nini, mwendawazimu?"

"Nalipandisha bakuli, bwana, nalo lipate sifa."

"Mnyama huyo atalivunja! Bakuli hilo halina mwenziwe duniani."

Vuai akanyamaza, maana viboko alivikumbuka. Aliyesema ni Mwana Esha. "Na mwanangu, bwana, anaye mwenziwe?"

Zumari zikakoma. Sultani akaona haya kubwa mbele ya watu wake, akaenda mwenyewe akamtwaa mtoto mikononi mwa askari aliyekuwa tayari kumpandisha. Kisha akaanza kujicheka.

"Vuai, viboko vimekosa mgongo. Omba utakalo."

"Bakuli, bwana. Nyumbani nala ubwabwa kifuuni."

Sultani akaguna, lakini akalitoa.

Basi fahali akazungushwa mgongo mtupu. Alipofika sokoni akashtushwa na ngoma, akaruka, akapindua vibanda vitatu. Sultani akayaona yote kutoka barazani, Athmani yu mapajani mwake, akamkumbatia hata mtoto akalalamika kuwa anabanwa.