Kiherehere na Dagaa Wa Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, watoto. Na nyie mama zao kaeni chini, mmesimama tangu alfajiri.

Hapo kale, wanyama walipoishi boma moja na kula ghala moja, palikuwa na Bi Mbuzi. Alikuwa na wanawe, na juu yao alikuwa na mtoto wa mbwa. Mama yake yule mbwa aliumwa na nyoka akafa. Bi Mbuzi alikuwa na maziwa, akamnyonyesha. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Maziwa yalikuwepo, mtoto alikuwepo.

Mbwa huyo aliitwa Kiherehere, na jina halikumwonea. Akiamka, anaruka. Akila, anaruka. Wenzake wakitaka kupumzika, yeye ndiyo kwanza anachimba. Tifu, tifu, tifu!

Basi mtama ulikuwa umeanikwa juu ya mikeka, chakula cha boma zima cha kiangazi. Kiherehere akapita juu yake. Parakacha! Mtama wote mchangani. Wakaokota. Kesho yake, parakacha! Wakaokota tena.

Jogoo, mkuu wa boma, akaita kikao. Fisi, jirani wa bondeni, akaja bila kuitwa.

"Bi Mbuzi, mwanao atatuua kwa njaa," akasema Jogoo.

"Nipeni mimi," akasema Fisi, akimeza mate. "Kwangu kuna nafasi. Atacheza mpaka achoke."

"Naijua michezo yako, Fisi," akasema Bi Mbuzi. "Anayecheza nawe hubaki mifupa."

"Basi mtulize," akasema Jogoo. "Akimwaga mtama mara nyingine moja tu, Fisi atamchukua."

Bi Mbuzi akamwendea Swala. "Mdogo wangu, wewe una miguu. Nikimbizie huyu mtoto, achoke."

"Hilo tu, dada?" Swala akacheka.

Wakakimbia, pu, pu, pu, mpaka mlimani, wakarudi. Kiherehere akasinzia kidogo, akaamka, akaruka. Kesho yake wakaenda mbali zaidi. Na kesho yake mbali zaidi. Hata jioni moja Swala akarudi anachechemea, na Kiherehere anamzunguka.

"Tena, mama mdogo! Tena!"

"Dada," akasema Swala, akihema, "huyu hatujamchosha. Tumemfundisha kukimbia. Sasa ananishinda mimi."

Bi Mbuzi akakaa chini. Akawaza: nikimpa Fisi, nitalala. Aliwaza hivyo, naam, na aliyewahi kulea hatamshangaa. Kisha akainuka, maana wakati wa kulisha ulikuwa umefika, Fisi awepo asiwepo.

Akabeba ungo wa dagaa wakavu, akapita kando ya lundo la makapi. Kiherehere akamrukia. Puu! Dagaa wote ndani ya makapi.

"Okota mwenyewe!" akafoka Bi Mbuzi. "Mgongo wangu umekwisha." Akaenda zake kujilaza.

Kukawa kimya.

Nyie mama mnajua. Mtoto akinyamaza, kuna kitu kinaharibika. Bi Mbuzi akakurupuka. "Mtama!"

Mtama ulikuwa salama. Kiherehere alikuwa kwenye makapi, pua ndani, mkia juu. Fu, fu, fu. Anasimama, anafikiri, anarudi nyuma. Fu, fu. Anapata dagaa mmoja. Fu, fu, fu. Anatafuta mwingine. Haruki. Hachimbi ovyo. Alipomaliza akajinyoosha palepale, akalala fofofo, na jua bado liko juu.

Bi Mbuzi akamtazama sana. Kumbe tulikuwa tunahangaika na miguu, akawaza, na kichwa kimekaa bure kutwa nzima.

Tangu hapo, asubuhi Kiherehere alikimbia kidogo na Swala, na mchana alitafuta. Dagaa chini ya mawe. Dagaa kwenye nyasi. Dagaa nyuma ya mtungi. Akishazoea mahali, Bi Mbuzi hubuni pengine. Ilikuwa kazi, msidhani haikuwa kazi.

Fisi akaona siku zinapita na mtama haumwagiki. Jioni moja akaja mpaka uani, akasimama upande wa pili wa mikeka, mbele ya macho ya Jogoo. Akaita kwa sauti tamu:

"Kiherehere! Njoo, mjomba, tushindane mbio mpaka bondeni!"

Kati yao palikuwa na mtama wote wa boma.

Kiherehere akainua kichwa kutoka kwenye makapi. Masikio yakasimama. Mguu mmoja ukatangulia.

Kisha pua ikarudi chini. Fu, fu.

"Siwezi, mjomba. Kuna dagaa mmoja bado sijampata."

Fisi akangoja. Akangoja. Mate yakamkauka mdomoni, akageuka, akashuka bondeni peke yake.

Jogoo akamsogelea Bi Mbuzi. "Umemficha wapi huyo mmoja?"

"Wamekwisha," akanong'ona Bi Mbuzi. "Usimwambie."

Haya, watoto, na nyie wakubwa. Mtoto msumbufu hatulii kwa kukimbizwa tu, wala kwa kutishiwa Fisi. Mpe jambo la kutafuta kwa akili yake, nawe ujue kwamba kulibuni ni kazi yako, kila siku.

Ngano yangu imefika mwisho, nami naiacha hapo.